Usilale Juu ya Ndizi Mbivu

Juzi mjukuu wangu Asimwe alipita hapa kwangu Rwamishenye, Bukoba, na wenzake wa kutoka Kibeta, wamevaa viatu vya kupandia milima na makofia yenye kamba ya kufungia kidevuni, utadhani upepo wa pori la Burigi umeapa kuwaibia. Walikuwa wanakwenda kupiga kambi porini, wakaja kumuaga Babu. Nikawaambia wafungue mabegi. Wakacheka. Nikarudia, fungueni. Chini kabisa ya begi la Asimwe, zimeviringishwa ndani ya nguo ya kulalia, nikakuta chane nzima ya ndizi mbivu.

"Hizi utaziweka wapi?"

"Ndani ya hema, Babu. Nje nyani watazichukua."

Yesu na Maria! Nilitafuta kiti nikakaa. Mtoto amesoma mpaka chuo kikuu, halafu anataka kulala porini kichwa chake juu ya ndizi mbivu. Nikamwambia, kama umeamua kufa, fia hapa mjini, makaburi yako karibu na waombolezaji hawatahangaika na usafiri. Ndizi nikazichukua. Wao wakaondoka na haraka zao kabla sijamaliza kusema.

Mbwenu, sasa basi, vijana, kwa kuwa hamna subira ya kusikiliza, nimeandika. Someni au msisome, ngozi ni zenu.

Mimi nilikuwa askari wa wanyamapori. Enzi hizo watu walituita mabwana nyama, mkubwa na mdogo, na jina hilo lilinitesa. Mama mkwe wangu alipokea posa yangu kwa vigelegele akidhani ameoza binti yake buchani. Alipogundua kwamba kazi yenyewe ni kuzuia nyama isiliwe, alininunia mpaka mtoto wetu wa pili alipobatizwa. Hata siku hiyo aliniuliza nimeleta nini.

Niliingia kazini mara tu baada ya Uhuru. Mzungu aliyekuwa mkubwa wetu alifunga virago akatuachia bunduki chache, hema moja lililotoboka, na picha ya malkia wao ukutani. Risasi zilikuwa zinakuja kwa msimu, kama senene. Picha ile ilichukuliwa na Ta Kagaruki (Ta kwetu ni kama Mzee), aliyekuwa kiongozi wetu mpya, akaigeuza, akaandika nyuma yake kwa makaa: USIKIMBIE. Akaitundika palepale. Hilo ndilo lilikuwa bango la kwanza la ofisi yetu katika nchi huru.

Ta Kagaruki ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mfupi, mguu wake mmoja umepinda kwa sababu ya nyati, na mdomo wake umepinda kwa sababu ndivyo alivyozaliwa. Hakuna mtu aliyenitukana zaidi yake, na hakuna mtu niliyempenda zaidi kazini. Shingoni alivaa rozari. Kiunoni alining'iniza soksi kuukuu iliyojaa majivu. Kila baada ya hatua kadhaa aliitikisa, unga ukaruka, naye akautazama unaelekea wapi. Mnyama wa porini anakunusa kabla hajakuona, kwa hiyo mwenye akili anataka upepo umpige usoni ukitokea kwa mnyama, wala usimpige mgongoni ukampelekea mnyama habari zake. Padre wetu alipoiona soksi ile alimkumbusha kwamba majivu ni ya kumkumbusha mtu kifo.

"Hayo yako, padre," Ta Kagaruki akamjibu. "Haya yangu ni ya kukiahirisha."

Siku yangu ya kwanza porini nilikuwa nimejipaka mafuta ya nywele, yale ya kunukia, maana nilikuwa kijana na nilijua jioni nitapita mahali. Ta Kagaruki alininusa kama mbwa, kisha akanipeleka kijitoni akanisugua kichwa kwa udongo mbele ya wenzangu wote. "Unakwenda kumposa nyati?" akaniuliza. Tangu siku hiyo sijapaka kitu chochote kinachonukia nikiingia porini, na ninyi mnaojipulizia manukato ndipo mpande mlima mnanishangaza sana.

Basi niwape machache ya kuanzia kabla sijafika kwenye ndizi.

Ukitembea kwenye nyasi ndefu ukaona ndege wadogo wenye midomo myekundu wameruka ghafla kwa kelele kutoka mahali ambapo huoni kitu, simama. Ndege wale hukaa mgongoni mwa nyati kula kupe. Chini yao yupo mwenye mgongo. Rudi ulikotoka, taratibu, bila kumpa kisogo na bila kupiga picha. Nyati aliyezeeka akafukuzwa na kundi ni mbaya kuliko wote, ana uchungu wa maisha na hana pa kuupeleka.

Viatu usiviache nje ya hema. Fisi anakula viatu. Nimemwona afisa mzima akirudi Muleba pekupeku, amebeba soksi mkononi, anasalimia watu kwa heshima kana kwamba ndivyo alivyotoka nyumbani. Na ukivilaza ndani, asubuhi vikung'ute kabla hujavivaa, maana nyoka naye anapenda joto.

Siafu msiwadharau. Mnasikia chui, mnatetemeka. Mnaona mstari wa siafu, mnaupiga picha. Mimi chui wameniona mara nyingi wakaniacha niende zangu. Siafu walinivua suruali mbele ya kikao cha wanawake wa kijiji. Zungusha majivu hema lako lote, siafu hapendi kuyavuka.

Na kiboko, jamani, kiboko! Kulikuwa na kwaya moja, sitaji ya dhehebu gani kwa kuwa mke wangu aliimba humo, ilikwenda kupiga kambi kando ya ziwa, upande wa Muleba. Mwalimu wa kwaya akaona mahali pazuri, pana, nyasi zimelala, kuna njia imeshuka mpaka majini. Akasema Mungu amewaandalia. Kweli palikuwa pameandaliwa, ila aliyeandaa hakuwa Mungu. Njia ya kiboko mtaijua hivi: ina mifereji miwili, katikati limebaki tuta la nyasi, kwa sababu miguu yake ya kushoto na ya kulia iko mbalimbali. Na vichaka vya pembeni vimepakwa mavi, maana yeye akijisaidia anayatawanya kwa mkia ili jirani wote wajue. Kwaya ikafunga hema juu ya njia hiyo. Jua linazama, wako katikati ya wimbo, mwenyewe akatoka majini kwenda kula. Hakupita kushoto wala kulia, kwani njia ni yake. Alipita katikati ya hema akaondoka nalo mgongoni.

Hakuna aliyekufa. Mwimbaji mmoja wa besi alipanda mti wa miiba na hakujua una miiba mpaka alipotaka kushuka. Mnaona nacheka, lakini kiboko hucheki naye. Usikae kati yake na maji, hata kama yuko mbali na anaonekana mnene na mvivu. Akishtuka anakimbilia majini, na kilichosimama katikati kinakanyagwa.

Haya, ndizi.

Amri ya kuhamia vijiji vya ujamaa ilipofika huku kwetu ilikuwa kizungumkuti. Mhaya na kibanja chake, shamba lile la migomba na kahawa alimozikwa babu yake, huwatenganishi kwa hotuba. Kwa hiyo waliojitokeza kwenda kuanzisha kijiji kipya porini, upande wa Burigi, walikuwa watu wasio na cha kuacha: vijana waliokosa urithi, watu waliogombana na koo zao, na wajane. Walipelekwa kwa lori, wakakaa kambini kwenye vibanda vya nyasi na maturubai huku wakifyeka. Ta Kagaruki na mimi tukapangwa kukaa nao ili wasiliwe.

Kati yao alikuwamo Ma Kokushubira, mjane kutoka Izigo. Sote tulimwita Ma Koku. Mumewe alikufa bila kumwachia mtoto wa kiume, basi shemeji yake akakitwaa kibanja chote, akamwachia mama huyo kona ya jiko na ruhusa ya kupalilia. Siku ukoo ulipoketi kuzungumzia jambo hilo, shemeji alimfungia jikoni kwa komeo la nje ili asije akasema neno. Alisikia kikao kizima kupitia ukutani. Alinisimulia hayo siku moja anamenya maharage, hata hakuinua macho, na mimi hasira ilinipanda mpaka nikatamani ningepewa yule shemeji badala ya nyati.

Huko porini serikali ilimpa kipande chake mwenyewe, kwa jina lake mwenyewe. Kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumsemea, walimgawia cha mwisho kabisa, kilichogusana na pori, chenye vichuguu na mbung'o. Lakini kilikuwa chake. Kila asubuhi alikizunguka kigingi hadi kigingi kama mkuu anayekagua gwaride. Ukimwambia habari za asubuhi, anakujibu, "Nzuri, bado kipo."

Tatizo ni desturi. Kwetu ardhi haiwi yako kwa sababu afisa amepigilia vigingi. Inakuwa yako siku wazee wameketi juu yake, wakanywa rubisi yako, ile pombe ya ndizi, wakaiona mipaka kwa macho yaliyochangamka. Baadaye ukizuka ugomvi, swali la kwanza kwenye kikao ni moja tu: nani alikunywa? Ukikosa wa kumtaja, jitayarishe kuhama. Ma Koku alijua hivyo kuliko mtu yeyote. Serikali ingeweza kubadilisha afisa kesho, lakini waliokunywa wameshakunywa.

Sasa ndizi tulizoletewa na lori zilikuwa mbichi, na rubisi haitengenezwi kwa ndizi mbichi. Unachimba shimo, unalitandika majani ya mgomba, unazika ndizi mpaka ziive zote pamoja, ndipo wanaume wanazikanyaga kwenye mtumbwi wa mti. Na harufu ya ndizi zinazoiva shimoni, wenzangu, tembo anaipata akiwa ng'ambo ya ziwa.

Siku ya kwanza kabisa Ta Kagaruki aliwapanga watu mstari akawapa masharti mawili. La kwanza, marufuku kuivisha ndizi kambini. Kutoka Bukoba kulikuwa na agizo kwamba mnyama mkubwa akiingia kambini kwa uzembe wa watu, aliyemvuta atafutwa kijijini na kurudishwa alikotoka. La pili, kila kibanda kiwe na milango miwili, wa mbele na wa nyuma, maana mnyama akishakaa kwenye mlango mmoja, mlango huo si wako tena.

Watu wakacheka. Mwenyekiti wa kijiji, mtu mwenye tumbo na sauti, akasema, "Nyumba ya matundu mawili ni ya panya, Ta." Hakuna aliyetoboa ila Ma Koku. Yeye alikata tundu dogo nyuma ya kitanda chake, la kupita kwa magoti, akaliziba kwa mkeka.

"Mimi nimeshafungiwa mara moja, mwanangu," aliniambia. "Mara ya pili watafungua wakute nimetoka."

Kuhusu ndizi, tulikagua. Ta Kagaruki alipita kibanda hadi kibanda, akachungulia vyungu, akapekua pembe. Hakuona kitu. Alichoona ni nyasi mbichi, zimetandikwa sakafuni kila kibanda, nene, zinapendeza, kama tunavyotandika nyumbani mgeni akija. Akaniambia, "Watu hawa hawana hata sufuria ya pili lakini usafi wao unashangaza." Hata mimi nilishangaa, ila sikuhoji usafi.

Siku moja asubuhi, ukungu umelala, watu wanaota moto, tembo dume akatokea. Mnadhani tembo anakuja kwa kishindo? Tembo anatembea kimya kuliko paka wa jikoni. Tulimwona ameshafika kwenye kibanda cha Ma Koku, kile cha mwisho, alichokijenga ndani ya vigingi vyake, ameng'oa mlango na fremu yake, kichwa na mkonga viko ndani, matako yako nje. Na Ma Koku alikuwa ndani.

Kambi ikalipuka. Huyu anapiga debe, huyu ana mkuki, huyu anaita watakatifu kwa majina. Vijana wakakimbia kumzunguka tembo kwa upande wa pori. Mwenyekiti, kutoka mbali sana, alipaza sauti, "Piga, Bwana Nyama! Piga!" Nikainua bunduki. Nilikuwa naona matako ya tembo na nyuma yake naona jikoni kule Izigo, komeo limefungwa.

Ta Kagaruki akaushusha mtutu kwa kiganja.

"Ukimpiga hapo, atamwangukia nani?"

Sikuwa nimewaza hilo. Akaitikisa soksi. Majivu yakaturudia sisi usoni. "Vizuri. Hajatunusa," akasema. Kisha akawageukia watu, na hapo ndipo niliposikia matusi ambayo sijayasikia tena hadi leo. Akawaamuru watupe madebe, na wale vijana waliokuwa upande wa pori akawatoa haraka. Mlielewe hili vizuri, ndilo lililo kubwa kuliko yote: mnyama mkubwa usimzungushie watu, usimzibe njia aliyojia. Mwenye pa kutokea anatoka. Asiye napo anapita juu yako.

Kambi ilipotulia, Ta Kagaruki alisogea kwa pembeni, akasema kwa Kihaya, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama jirani anayepita barazani:

"Ma Koku, waitu, ndugu yetu, umeamkaje?"

Kutoka ndani ikaja sauti ndogo lakini imenyooka:

"Nimeamka na mgeni, Ta."

"Nimemwona. Yuko kwenye mlango wa mbele. Wewe pitia ule wako wa nyuma. Usikimbie. Tambaa. Acha kila kitu."

Mkeka wa nyuma ukatikisika kidogo, kisha akauliza:

"Na ndizi?"

"Ndizi zipi?"

Nilimwona Ta Kagaruki akifumba macho. Nyasi nzuri sakafuni, usafi wa kushangaza, vyote vilimjia kwa mpigo.

"Mama wewe!" akasema, sasa sauti imepanda kidogo. "Acha ndizi! Toka!"

Mkeka ukasukumwa. Kikatokea kichwa kimejaa nyasi, kisha mabega, kisha mama mzima kwa magoti na viganja, anatambaa kwenye umande hadi nyuma ya kichuguu, kwa ule upande ambao majivu yalituonyesha. Hakugeuka nyuma hata mara moja.

Tembo akaangusha ukuta uliokuwa unamsumbua, akafukua shimo chini ya kitanda, akala. Alikula bila haraka yoyote, chane kwa chane, pamoja na majani, kama mzee wa kanisa kwenye sherehe asiyotoa mchango. Sote tulisimama tukiangalia. Alipomaliza akajikuna kwenye nguzo iliyobaki, akaacha lundo la mavi katikati ya kiwanja, akaingia porini alikotoka.

Ndipo Ma Koku akalia. Nilidhani analilia kibanda. Nikamwambia tutajenga kingine. Akanitazama kama mjinga.

"Wazee walikuwa waje Jumapili," akasema. "Sasa watakunywa nini?"

Haukupita muda afisa akaja kutoka Bukoba na Landrova. Mhaya mwenzetu, wa Kiziba, mtu wa miwani na suti ya mikono mifupi. Kikao kikafanyika mbele ya kibanda cha mwenyekiti. Afisa akauliza nani ameivisha ndizi kambini. Watu wote wakaangalia miguu yao, kisha kwa pembe ya jicho wakamwangalia Ma Koku. Mwenyekiti akasimama, akalitanguliza tumbo, akasema kwa masikitiko makubwa kwamba ujamaa ni nidhamu, na kwamba mtu mmoja hawezi kuhatarisha kambi nzima, na kwamba mama huyu itabidi arudi Izigo. Ma Koku alikuwa ameketi kwenye nyasi, mikono mapajani, ameinama. Izigo maana yake ni kona ya jiko. Kila mtu pale alijua.

Ta Kagaruki akaomba ruhusa ya kwenda haja. Afisa akamruhusu. Badala ya kwenda kichakani akaingia ndani ya kibanda cha mwenyekiti na fimbo yake. Tukasikia anachomachoma sakafu. Akatoka anamenya ndizi mbivu, akaimega, akaila taratibu mbele ya kikao.

"Za mwenyekiti zimeiva vizuri zaidi," akasema. "Tembo alikosea nyumba."

Kicheko kilichopigwa siku hiyo nadhani kilifika Karagwe. Baada ya hapo hakukuwa na haja ya fimbo. Watu wenyewe walianza kutazamana. Kila kibanda, waitu. Kila kitanda. Wale wote walikuwa watu wasio na ardhi waliopewa ardhi, na kila mmoja alikuwa anatafuta wa kumnywea. Tulikuwa tumelala juu ya karamu, tumezungukwa na pori, na malaika wetu wote nadhani walikuwa wamechoka kabisa. Afisa alivua miwani, akavuta hewa puani.

"Nilidhani ni mimi tu," akasema. "Kambi nzima hii inanuka harusi."

Ikawa hawezi kufuta watu wote, kijiji kingebaki na Landrova yake peke yake. Akaamuru ndizi zote zifukuliwe siku hiyo hiyo, na rubisi itengenezwe ng'ambo ya kijito, mbali na pa kulala, mchana, na isilale kambini. Akataka kufunga kikao. Lakini mwenyekiti, aliyekuwa ameaibika na anatafuta pa kushikia, akasema, "Sawa, afisa. Ila sisi tutanywewa. Huyu mama ndizi zake zimekwisha. Ardhi yake haina shahidi."

Ma Koku akasimama. Sikuwahi kumsikia akiongea mbele ya watu, na nadhani hata yeye hakuwa amewahi kujisikia.

"Mwenyekiti," akasema, "ndizi zangu zimeliwa wapi?"

"Kwako."

"Juu ya ardhi ya nani?"

Mwenyekiti akakohoa. "Ile... yako."

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Wote tulikuwepo."

"Ulisimama ndani ya mpaka wangu au nje?"

"Nje! Mimi mwendawazimu? Ningeingiaje?"

"Basi mpaka wangu unaujua," akasema Ma Koku. "Na mgeni aliyekula mmemwona nyote. Ni nani kati yenu atakayepata mgeni mkubwa kuliko yule?"

Mzee mmoja, mtu wa kushika sheria, akanung'unika kwamba tembo hakunywa, alikula tu, na kula si kunywa. Ta Kagaruki akamwambia asiwe na wasiwasi, ndizi ni zilezile, mwenyewe atazikanyagia tumboni. Afisa alicheka mpaka akashikilia mlango wa gari. Ikapita hivyo. Kibanda cha pili cha Ma Koku tulimjengea sisi wawili, na milango yake miwili.

Kwa hiyo Asimwe, na wenzako: chakula chote kinalala mbali na hema, juu ya mti, na pikeni mahali pengine si pale mnapolala. Nguo uliyopikia usilale nayo. Ndizi mbivu, acha nyumbani kabisa. Kule mtu wa kukunywea huna haja naye. Jua upepo unatoka wapi kabla hujafunga kamba. Jua utatokea wapi kabla hujaingia. Zile ndizi zako nimezila, zilikuwa tamu.

Limebaki la shemeji. Migomba ya Ma Koku ilipokuwa imeshakomaa, habari zikafika Izigo kwamba mjane ana kibanja kinachoshinda cha ukoo. Shemeji akaja, na fimbo nzuri na viatu vimepakwa dawa. Akasema mwanamke huyu ni wa ukoo wao, hana mtoto wa kiume, kwa hiyo na ardhi ni ya ukoo wao. Halafu akauliza lile swali, kwa sauti ya mtu anayejua jibu:

"Nani alikunywa?"

Mwenyekiti ndiye aliyemjibu, yule yule. Alimshika mkono kwa upole, akampeleka hadi mwisho wa kiwanja, akamwonyesha pori.

"Aliyekunywa yuko mle ndani," akasema. "Ukiwa na swali, mwulize. Sisi tulikuwa nje ya mpaka."

Shemeji akaliangalia pori. Akaviangalia viatu vyake. Kijiji kizima kilikuwa kimesimama nyuma yake, na hakuna hata mmoja aliyecheka, sijui walijizuiaje. Ma Koku akatoka ndani na maji kwenye kibuyu, akamkabidhi kwa mikono miwili kama anavyokabidhiwa mgeni yeyote, akamngoja amalize kunywa.

"Karibu tena, shemeji," akamwambia. "Ukija, pitia mlango wa mbele. Wa nyuma ni wangu."